Moto Hafifu, Harufu, Mtungi Kuganda: Kusaka Kosa Kwenye Bomba la Gesi la Jiko la Nje

Kiswahili kinaita jiko mahali pa kupikia na chombo cha kupikia vilevile, na nadhani hapo ndipo matatizo mengi ya gesi ya uani yanapoanzia. Mwenye nyumba ananunua jiko, anajenga jiko, anaweka meza ya mawe na paa, halafu siku ya mwisho anamwita fundi: "Nivutie gesi mpaka pale." Bomba, ambalo lilipaswa kuchorwa kabla ya tofali la kwanza, linapenyezwa panapobaki. Miezi mitatu baadaye moto ni hafifu, na anayelaumiwa ni aliyeuza kichomeo.

Humu nitasema "jiko la nje" nikimaanisha eneo zima, na "kichomeo", "grili" au "oveni" nikimaanisha vyombo. Nimepanga mambo kwa dalili kwa sababu dalili ndiyo anayoiona mtu. Kama jiko lako bado liko kwenye karatasi, una bahati: soma kila dalili kama swali la kumuuliza fundi kabla hajakata bomba. Na fundi ninayemtaja ni mwenye leseni ya gesi. Kunusa, kuangalia, kupaka povu na kusoma kipimo ni kazi ambazo mwenye nyumba anaweza kuzifanya. Kukata, kuunga na kufukia bomba ni kazi za huyo mwingine, na sehemu nyingi sheria inataka hivyo.

Unasikia harufu ya gesi

Hii haisubiri. Funga valvu ya mtungi au ya mita, zima kila moto, usiguse swichi ya umeme hata kwa kuizima, ondoa watu, na simu piga ukiwa mbali. Kutafuta chanzo kutafuata harufu ikishatawanyika.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile inayofanana na yai viza ni kemikali za salfa ziitwazo merkaptani, zinazoongezwa ili pua ipate habari. Pua nayo huchoka: ukikaa kwenye harufu dakika chache unaacha kuisikia, ilhali gesi ipo palepale. Tena bomba jipya la chuma, au lenye kutu ndani, linaweza kunyonya kemikali hiyo, gesi ikafika mwisho ikiwa na harufu hafifu mno. Kwa hiyo usiseme hakuna kinachovuja kwa kuwa tu hujanusa kitu.

Halafu uliza ni gesi gani. Ya mtungi (LPG) ni propani, butani, au mchanganyiko wa hizo mbili. Propani ina uzito wa karibu mara 1.5 ya hewa, butani karibu mara 2. Gesi asilia, inayofika kwa bomba la mtaa, ni nyepesi, takriban 0.6 ya uzito wa hewa. Hivyo ya mtungi hushuka na kutuama kama maji: chini ya kabati, kwenye mfereji, kwenye chemba. Gesi asilia hupanda na kujikusanya chini ya paa au juu ndani ya kabati. Propani inaweza kulipuka ikifika karibu asilimia 2 ya hewa, gesi asilia karibu asilimia 5. Piga hesabu kidogo: asilimia 2 ya kabati lenye ujazo wa mita 1 ya ujazo ni lita 20. Kichomeo kimoja cha kilowati 5 kilichoachwa wazi bila kuwashwa hutoa kiasi hicho kwa dakika sita hivi.

Ndiyo maana kabati lisilo na matundu ndilo kosa la mpango ninaloliogopa kuliko mengine yote. Meza nzuri ya matofali, milango inayofunga kwa ukamilifu, mtungi ndani, grili juu, hakuna hata tundu moja: aliyejenga amejenga chombo cha kuhifadhia mvujo. Kwa gesi ya mtungi matundu yawe chini kabisa, usawa wa sakafu ya kabati. Kwa gesi asilia yawe juu. Na kwa vyovyote yawe pande mbili zinazotazamana ili upepo upite. Weka wavu wa kuzuia panya, maana panya hutafuna mpira wa gesi, lakini usiwe wavu mzito wa kuzuia na hewa. Harufu inayokuja tu ukifungua mlango wa kabati ina makosa mawili ndani yake, mvujo na kabati lililozibwa. Ukiziba mvujo ukaliacha kabati lilivyo, umefanya nusu ya kazi.

Mvujo wenyewe hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Anzia pale mikono inapogusa mara kwa mara: kiungo cha mtungi na regyuleta (kifaa kinachoshusha presha ya gesi), ambako mpira mdogo wa ndani huchakaa kila mtungi unapobadilishwa; kisha ncha mbili za mpira wa gesi; kisha shina la kila valvu; kisha maungio ya nyuzi. Povu likichemka, umepata. Sabuni yenye klorini au amonia huila shaba nyeupe, kwa hiyo tumia ya kawaida na usuuze kwa maji. Mpira ukunje taratibu kwa mkono: nyufa ndogo zikijitokeza kwenye mkunjo, au tarehe iliyochapwa juu yake ikiwa imepita, hauna mjadala.

Mvujo wa chini ya ardhi ni mgumu zaidi. Dalili yake ya kawaida ni mstari wa majani yaliyokauka juu ya mtaro huku majani ya pembeni yakiwa mabichi. Hapo hakuna povu litakalosaidia; funga gesi na mwite mwenye vifaa.

Moto ni hafifu

Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi, kwa sababu dalili ni moja na sababu ni nyingi, na kila sababu ina mtu wa kukuuzia kipuri. Kabla ya kununua chochote jibu maswali haya. Ni kichomeo kimoja au vyote? Ni tangu siku ya kwanza au kumeanza juzi? Kikiwaka peke yake kina nguvu, na vikiwaka pamoja vinalegea?

Kichomeo kimoja kikiwa dhaifu na wenzake wako sawa, bomba halihusiki. Tundu dogo la kutolea gesi, ambalo mafundi huliita jeti au nozeli, limeziba, au matundu ya kichomeo chenyewe yamejaa mafuta na kutu. Safisha kwa brashi. Usichokonoe jeti kwa sindano ya chuma, maana ukiipanua hata kidogo umebadilisha kiasi cha gesi milele.

Vyote vikilegea ghafla, na unatumia mtungi, shuku kizuizi cha usalama kabla ya kumshuku aliyekuuzia. Baadhi ya regyuleta na viungo vya mtungi vina sehemu inayobana gesi ikihisi inatoka kwa kasi, kama vile mpira umekatika. Ukifungua mtungi haraka, au ukaufungua huku visu vya grili (vile vishikio vya kuzungusha ili kufungulia gesi) viko wazi, unaidanganya sehemu hiyo. Inabana, moto unabaki mdogo kama wa mshumaa, na regyuleta mpya inanunuliwa bure. Funga kila kitu, tenganisha mtungi, subiri dakika moja mbili, unga tena, kisha fungua valvu ya mtungi polepole kabla ya kugusa kisu chochote cha grili. Moto ukirudi, ndilo lilikuwa tatizo.

Vikiwa na nguvu kimoja kimoja na kulegea vikiwa pamoja, bomba ni jembamba. Tuhesabu. Tuseme jiko la nje lina grili ya kilowati 15, kichomeo cha pembeni cha kilowati 4 na oveni ya kilowati 9. Jumla ni kilowati 28. (Kibao cha kifaa kikiandika BTU kwa saa, kipimo kingine cha nguvu ya joto, gawanya kwa 3,412 upate kilowati.) Mita 1 ya ujazo ya gesi asilia hubeba takriban kilowati-saa 10.5, hivyo vyote vikiwaka kwa ukamilifu vinataka karibu mita 2.7 za ujazo kwa saa. Tuseme tena kutoka kwenye mita hadi uani ni mita 20, na fundi alikuwa na bomba la shaba la milimita 15 kwenye gari. Kwa umbali huo, na kwa kuruhusu presha ipungue milibari 1 tu njiani, bomba la milimita 15 hupitisha karibu mita 1 ya ujazo kwa saa. Theluthi moja na ushee ya mahitaji! La milimita 22 hupitisha karibu 2.9. La milimita 28 hupitisha mara mbili ya hapo.

Ukitazama 2.9 dhidi ya 2.7 utasema milimita 22 inatosha. Hesabu kona kwanza. Kila kona kali huzuia gesi kama nusu mita ya bomba lililonyooka, na bomba linalozunguka nyumba linaweza kuwa na kona sita. Hizo ni mita 3 za ziada, na milimita 22 tayari iko ukingoni. Mwaka ujao kikinunuliwa kichomeo kikubwa cha karai, mtaro unafukuliwa. Mimi ningelaza milimita 28 na kulala usingizi. Tofauti ya bei ya bomba ni ndogo ukiilinganisha na kuvunja sakafu.

Hisabati ya mabomba haiendi kama macho yanavyotarajia. Ukiongeza kipenyo mara mbili, bomba halipitishi gesi mara mbili. Hupitisha karibu mara sita. Na ukiongeza gesi mara mbili kwenye bomba lilelile, presha inayopotea njiani inakaribia mara nne. Ndiyo maana jiko la nje linaweza kufanya kazi vizuri miaka miwili, kisha kikaongezwa kifaa kimoja tu na vyote vikaharibika.

Kuna sura nyingine ya tatizo hilohilo: ukiwasha grili ya nje, moto wa ndani ya nyumba unashuka, au hita ya maji inazima. Tawi la nje limeungwa kwenye bomba ambalo tayari lilikuwa limepimiwa nyumba peke yake, au mita na regyuleta ya nyumba haina uwezo wa kupitisha mzigo mpya. Kurekebisha bomba la uani hakutasaidia kitu. Tawi la nje lianzie karibu na mita, kabla ya mgawanyo wa ndani, na uwezo wa mita ulinganishwe na jumla ya nyumba nzima pamoja na uani.

Kwa gesi ya mtungi au tangi lililo mbali, kuna njia ya kukwepa bomba nene: regyuleta mbili. Ya kwanza, kwenye tangi, inashusha presha hadi chini kidogo ya bari 1; ya pili, karibu na jiko, inaishusha hadi ile ya vifaa. Gesi ikisafiri kwa presha ya juu hupita kwenye bomba jembamba bila kuchoka.

Kupima badala ya kubahatisha

Kifaa kinachomaliza ubishi ni manomita, yaani kipimo cha presha, na ya bei rahisi kabisa ni mrija unaoonyesha, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji. Milibari 1 husukuma maji kiasi cha milimita 10, kwa hiyo milibari 20 ni tofauti ya sentimita 20 kati ya pande mbili. Vifaa vya gesi asilia hutaka karibu milibari 17 hadi 20 kulingana na nchi. Vya LPG milibari 27 hadi 37. Kibao cha kifaa ndicho chenye neno la mwisho.

Mpimaji asome mara mbili: vifaa vyote vikiwa vimezimwa, kisha vyote vikiwaka kwa ukamilifu. Presha ikiwa sawa vikiwa vimezimwa na ikaporomoka vikiwashwa, bomba ni jembamba au limezibwa. Ikiwa chini hata vikiwa vimezimwa, tatizo liko kwenye regyuleta au kwa msambazaji. Ikiwa nzuri hali zote mbili na moto bado hafifu, liache bomba, kaangalie jeti. Ipo hali ya nne ambayo wengi hawaisubiri waione: kila kitu kimefungwa na maji yanazidi kupanda taratibu. Hapo regyuleta haifungi vizuri ndani, na ni ya kubadilishwa leo.

Mtungi unatoka jasho, kisha barafu

Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na ili kigeuke gesi kinahitaji joto. Kila kilo inachukua takriban kilojuli 350. Zile kilowati 28 zetu zikitumia LPG zinakula karibu kilo 2 kwa saa, maana yake mtungi unapaswa kunyonya joto la wati zipatazo 200 kutoka hewani, bila kukoma, kupitia chuma chake. Mtungi mdogo hauwezi. Kimiminika kinapoa, presha inashuka, jasho linatoka, barafu inashika usawa wa kimiminika, na moto unalegea ingawa mtungi ukiutikisa una uzito. Hili linatokea hata siku ya joto, wageni wakiwa wengi na kila kisu kimefunguliwa.

Mtungi unapokaribia kwisha hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu chuma kinachogusa kimiminika ni kidogo. Na kama ni mchanganyiko, propani hutangulia kutoka kwa kuwa huchemka kwa nyuzi 42 chini ya sifuri za Selsiasi. Butani, ambayo huacha kuchemka karibu na sifuri, ndiyo inayobaki chini. Mtungi wa butani usiku wa baridi kali ni mtungi wa mapambo.

Dawa ni mtungi mkubwa, au miwili inayotoa kwa pamoja. Angalia hapo: valvu ya kubadilishia inayotumia mtungi mmoja na kuhamia wa pili wa kwanza ukiisha haiongezi uwezo wowote, kwa maana unaotoa gesi ni mmoja wakati wote. Usiupashe mtungi moto kwa njia yoyote. Wala usiulaze: ukilala, kimiminika kinaingia kwenye regyuleta, na kimiminika kikifika kwenye kichomeo utaona moto ambao hutausahau.

Moto wa njano, moto unaoruka, moto unaorudi ndani

Moto mzuri ni wa buluu, wenye ncha zilizotulia. Ukiwa wa njano na kuacha masizi, hewa haitoshi kuchanganyika na gesi. Anza na mrija wa kuchanganyia: buibui hupenda kujenga humo kifaa kikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, na utando mdogo tu unatosha. Kisha angalia kifuniko cha hewa kwenye mdomo wa mrija, kifungue kidogo kidogo.

Kama ni wa njano na mkubwa kupita kiasi tangu siku ya kwanza, zima. Kifaa kina jeti za gesi asilia na kimeungwa kwenye LPG. Propani ina nishati ya karibu mara 2.5 ya gesi asilia kwa ujazo uleule, ndiyo maana jeti zake ni ndogo. Kinyume chake, jeti za LPG kwenye gesi asilia hutoa vimoto vya kuhurumia, na mwenye nyumba hufikiri bomba limeziba. Zote mbili huponywa kwa seti ya jeti na regyuleta kutoka kwa mtengenezaji wa kifaa chenyewe. Kuna wanaotoboa jeti kwa kekee. Mimi siwashauri hata kwa utani.

Moto ukiinuka na kukaa juu ya kichomeo kama unataka kuondoka, hewa imezidi au presha iko juu. Ukirudi ndani kwa mlio wa kufoka na kisu kikaanza kuwa cha moto, presha iko chini au mrija umezibwa. Zima mara moja, acha kipoe, safisha.

Upepo huiga dalili hizi zote. Grili nyingi hutolea joto nyuma, na upepo wa nyuma huurudisha moshi na joto ndani mpaka visu vinalainika. Simama uani jioni mbili tatu kabla ya kuchora, ujue upepo unatoka wapi. Jiko la nje likizungushiwa kuta tatu na paa ili kuukinga upepo huo huacha kuwa la nje: moto mchafu hapo huacha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na anayepika akianza kuumwa kichwa kila mara ajue hewa ndiyo inayomwambia.

Moto unapumua, unapanda na kushuka

Maji kwenye bomba. Huingia wakati wa ujenzi, ncha ikiachwa wazi siku ya mvua, na hutuama pale bomba lilipolegea. Gesi inapita juu yake kwa vipande, na moto unapumua. Bomba lilazwe kwa mteremko mdogo wenye mwelekeo mmoja, na kabla ya vifaa kuwe na kipande cha bomba kinachoning'inia chini, chenye kizibo, cha kukusanya maji na takataka.

Kama bomba ni kavu, angalia tundu dogo la kupumulia la regyuleta. Likizibwa na tope au kiota cha mdudu, regyuleta hupoteza kipimo. Tundu hilo litazame chini, lisipigwe na mvua.

Mlio

Mluzi kwenye bomba la kukunjika lenye mabati ya mawimbi ni gesi inayokimbia mno kwenye njia nyembamba, au kona iliyokunjwa kupita kiasi. Hauna hatari yenyewe, ila unakuambia bomba hilo ni dogo.

Cheche ipo, moto haushiki. Au cheche haipo

Hili kwa kawaida si la gesi. Betri, waya uliolowa, au ncha ya cheche iliyo mbali na kichomeo. Milimita 3 hadi 5 hutosha. Kama unawaka kwa kiberiti kirefu, bomba lako ni zima.

Vumbi jeusi, kutu, na bomba lililochaguliwa vibaya

Vumbi jeusi linaloziba jeti mara kwa mara, kwenye bomba la shaba, ni salfa ya ndani ya gesi inayoila shaba na kuibambua vipande vipande. Si gesi zote zilizo hivyo, lakini ndiyo maana baadhi ya maeneo yanakataza shaba kwa gesi asilia. Kusafisha jeti ni kuahirisha tu.

Bomba la chuma lililofukiwa huliwa hasa pale linapotoka ardhini, kwenye mpaka wa udongo na hewa, na watu hupaka rangi sehemu inayoonekana tu. Livikwe utepe wa kinga hadi sentimita kadhaa juu ya udongo. Bomba la plastiki, yaani polithini, halina kutu na ndilo ningelichagua kwa mtaro mrefu, ila mahali pake ni chini ya ardhi tu: jua huliharibu. Linapopanda juu ligeuzwe chuma kwa kipande maalumu cha kupandishia. Na kwa kuwa kifaa cha kutafutia metali hakilioni, lilazwe pamoja na waya wa shaba, na juu yake utepe wa njano wa onyo, ili mwenye jembe akutane na utepe kabla ya bomba. Likipita chini ya njia ya zege lipite ndani ya bomba kubwa zaidi la kinga.

Valvu ya kufungia nayo ina mahali pake. Nimeziona nyingi nyuma ya grili, ambako ni lazima upitishe mkono juu ya moto ili uifunge. Weka moja pale bomba linapotoka kwenye nyumba na nyingine kando ya jiko la nje, hatua kadhaa kutoka kwenye moto.

Kabla ya kufukia, na siku ya kwanza ya kuwasha

Kina cha sentimita 45 hadi 60 ni cha kuanzia mazungumzo; kanuni ya eneo lako ndiyo inayoamua. Mtaro ukiwa wazi, bomba lijaribiwe kwa hewa ya pampu au naitrojeni, vifaa vikiwa vimetenganishwa ili presha ya jaribio isiviharibu. Oksijeni isitumike kamwe. Geji ikishuka kidogo mwanzoni usishtuke. Hewa iliyobanwa hutoka na joto, subiri ipoe, kisha anza kuhesabu. Kivuli kikihama na jua likapiga bomba, geji itapanda yenyewe. Piga picha za mtaro mzima ukiwa na futi ya kupimia ndani yake.

Kisha vinaungwa vifaa, gesi inafunguliwa, na moto haushiki. Hofu inaanza. Bomba limejaa hewa tu: mita 20 za milimita 22 zina takriban lita 6, na kichomeo cha kilowati 4 huzimaliza kwa kama dakika moja. Fundi aiondoe hewa hiyo kifuniko cha grili kikiwa wazi, bila moto wowote karibu. Dakika tano zikipita na bado hakuna kitu, hewa imeshaisha siku nyingi. Kuna valvu imefungwa mahali, na kwa uzoefu wangu ni ile iliyo nyuma ya ukuta ambayo hakuna aliyeitia kwenye mchoro.